Mwasho wa Usiku: Mdudu Mdogo na Nyumba Nzima

Taa za bweni zikiisha kuzimwa, huwa pana kimya kwa dakika chache. Kisha husikika sauti ndogo ya kucha zikipita juu ya ngozi. Mwanafunzi mmoja hugeuka upande wa pili, mwingine huketi kitandani, wa tatu hutoka nje kwenda kujimwagia maji ya baridi mikononi. Asubuhi wote watatu husinzia darasani, na mwalimu hudhani kwamba ni wavivu.

Hali hii si ngeni katika shule za bweni za Mwanza, wala katika nyumba za Kirumba na Igogo, wala katika makambi ya wavuvi yaliyotawanyika visiwani kuanzia Ukerewe hadi Sengerema. Si ngeni pia kwamba lawama hutupwa mahali mbalimbali: wako wanaolaumu maji ya ziwa, wako wanaolaumu godoro, wako wanaolaumu dagaa waliolika jioni, na hawakosi wanaomshuku jirani mwenye husuda. Kila lawama huzaa tiba yake, na mara nyingi tiba hiyo huwa ni bure au ni ya hatari.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba kuwashwa si ugonjwa bali ni dalili. Vyanzo vyake ni vingi, lakini vinaweza kutenganishwa kwa maswali machache ya busara. Na lililo kubwa katika maswali hayo ni hili: ni nani mwingine nyumbani anayejikuna?

KWA NINI USIKU?

Ndani ya ngozi mna nyuzi nyembamba za neva zinazopeleka habari za mwasho kwenye uti wa mgongo na hatimaye ubongoni. Wakati wa mchana ubongo hupokea habari nyingine nyingi: za masomo, kazi, michezo na mazungumzo. Habari ya mwasho husongwa katikati ya hizo. Usiku habari nyingine hupungua, na ule mwasho uliokuwa mdogo huonekana mkubwa.

Tena mwili wenyewe hubadilika. Mtu anapokaribia kulala, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hupanuka ili kutoa joto la ndani. Kwa hiyo ngozi hupata joto zaidi, hasa chini ya blanketi, na joto huzidisha mwasho. Homoni ya kotisoli, ambayo hutuliza uvimbe mwilini, hushuka hadi kiwango chake cha chini karibu na usiku wa manane. Ngozi pia hupoteza maji mengi zaidi usiku kuliko mchana, ikakauka.

Kujikuna huleta nafuu ya kitambo kwa sababu maumivu madogo huzuia mwasho katika neva. Lakini kucha huchubua ngozi, ngozi iliyochubuka huvimba, na uvimbe huleta mwasho mpya. Duara hili ndilo linalomfanya mtu ajikune mpaka atoke damu. Methali isemayo kwamba upele humpata asiye na kucha husifu kucha kupita kiasi; kwa hakika mwenye kucha ndefu ndiye anayeumia zaidi.

KUTENGANISHA VYANZO

Chanzo cha kwanza kinachotajwa kando ya Ziwa Victoria ni maji yenyewe, na lawama hii ina ukweli ndani yake. Katika maji ya kina kifupi na penye majani huishi konokono wadogo wa jenasi ya Biomphalaria. Konokono aliyeambukizwa hutoa maelfu ya vijidudu viitwavyo serkaria, ambavyo hupenya ngozi ya mtu na kuleta kichocho cha tumbo. Serkaria wengine ni wa vichocho vya ndege. Hao hupenya ngozi ya mtu wakafia humo. Mwasho wa namna hii huanza dakika chache au saa kadhaa baada ya mtu kutoka majini, na huonekana mahali palipozama tu. Baada ya siku chache hufifia. Yafaa kusisitiza kwamba watu waliozoea kuingia ziwani kila siku aghalabu hawahisi mwasho wowote, na bado wanapata kichocho. Kutowashwa si ushahidi wa usalama.

Kuna wengine wanaowalaumu wale wadudu wadogo wanaopaa kutoka ziwani kwa makundi makubwa mfano wa moshi. Hao kwa kweli hawaumi. Mbu huuma, lakini alama zake hutawanyika na mwasho wake hupita upesi.

Kunguni ni mshukiwa wa haki zaidi. Hujificha katika mishono ya godoro na nyufa za kitanda, na hutoka usiku kunyonya damu. Alama zake mara nyingi hufuatana kwa mstari, mahali ambapo nguo haikufunika: mikono, shingo, uso, miguu. Madoa madogo ya damu au ya kinyesi cheusi kwenye shuka humfichua.

Harara hutokea vitundu vya jasho vinapoziba wakati wa joto. Vipele vyake ni vidogo, navyo hupungua mtu akikaa penye hewa na ubaridi. Ukurutu huanza zaidi utotoni, hukaa katika mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, huenda na kurudi kwa miaka, na mara nyingi katika ukoo huo hupatikana pia mwenye pumu. Mba na choa huleta mabaka ya mviringo yenye ukingo ulioinuka. Magonjwa haya huwasha usiku pia, lakini harara na ukurutu havienei kutoka kwa mtu hadi mtu, na mba haiwakamati watu wa chumba kizima kwa pamoja.

Pakiwa na mwasho unaozidi sana usiku, uliodumu kwa wiki kadhaa, unaokaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni, kitovuni, makalioni na sehemu za siri, tena watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakawa wanajikuna, basi mshukiwa wa kwanza ni upele wenyewe, ule unaoletwa na mdudu.

MDUDU MWENYEWE

Mdudu wa upele, ambaye jina lake la kisayansi ni Sarcoptes scabiei, kwa kweli si mdudu kwa maana ya elimuviumbe. Ana miguu minane, na ni jamaa wa kupe, buibui na utitiri wa kuku. Jike lina urefu wa milimita 0.3 hadi 0.4, yaani kama nukta iliyochongwa kwa ncha ya penseli. Dume ni dogo zaidi.

Jike lililopandwa huchimba handaki katika tabaka la juu la ngozi, lile la seli zilizokufa. Hapo hutaga mayai mawili au matatu kila siku kwa muda wa mwezi mmoja hadi miwili wa maisha yake. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 au 4, na kiumbe anayetoka, mwenye miguu sita tu, hukua kuwa mzima baada ya majuma mawili hivi. Mdudu huyu haruki wala hana mabawa. Hutambaa, na ili avuke kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine huhitaji ngozi zigusane kwa muda, kwa kadiri ya dakika 10 hadi 20. Kupeana mikono kwa salamu kwa kawaida hakutoshi. Kulala kitanda kimoja, kumbeba mtoto mgongoni, kumnyonyesha, na kujamiiana kunatosha kabisa. Chandarua humzuia mbu. Hakimzuii mdudu ambaye tayari yumo kitandani pamoja na mwenyewe.

Mwasho hautokani na kuumwa. Hutokana na mzio: kinga ya mwili huanza kuyapinga mate, mayai na kinyesi cha mdudu. Ndiyo maana vipele huonekana hata mahali ambapo hakuna handaki lolote.

Kwa muda mrefu waganga wa Ulaya walishikilia kwamba upele hutoka ndani, katika damu iliyoharibika. Mwaka 1687 Mwitalia Giovan Cosimo Bonomo, akisaidiana na Diacinto Cestoni, aliandika barua kwa mwanasayansi Francesco Redi akamweleza mdudu waliyemwona kwa hadubini. Walikuwa wamesikia kwamba kina mama hutoa kitu kidogo katika ngozi za watoto wenye upele kwa kutumia ncha ya pini. Wasomi wengi hawakusadiki. Hatimaye mwaka 1834 mwanafunzi wa uganga kutoka Corsica, Simon François Renucci, alimtoa mdudu huyo kwa sindano mbele ya waganga wa Paris. Ufundi huo aliujua kwao, ambako wanawake wa vijijini waliufanya siku zote. Elimu ilikuwako kwa kina mama. Wasomi ndio waliochelewa.

MAJARIBIO YA SHEFFIELD

Swali lililobaki lilikuwa hili: je, upele huenea kwa mablanketi na nguo, au kwa ngozi? Katika vita ya pili ya dunia upele ulienea sana Uingereza, na jeshi lilitumia nguvu nyingi kuyachoma kwa joto mablanketi ya askari. Kuanzia mwaka 1941 mtaalamu wa wadudu Kenneth Mellanby alifanya majaribio mjini Sheffield. Vijana waliokataa kupigana kwa sababu ya dhamiri zao walijitolea kuvaa nguo na kulalia vitanda vilivyotoka kutumiwa na wagonjwa.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Ni watu wachache mno walioambukizwa kwa njia hiyo. Walioambukizwa kwa urahisi ni wale waliolala pamoja na mgonjwa. Mellanby aliwahesabu wadudu pia, akaona kwamba mgonjwa wa kawaida hubeba majike wazima wapatao 11 tu kwa wastani. Mwili mzima unawashwa kwa ajili ya viumbe wanaoweza kuhesabika kwa vidole!

Jambo la tatu aliloliona lina uzito mkubwa kwa mwalimu. Mtu aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza hakuhisi kitu kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Yule aliyewahi kuugua alianza kuwashwa katika muda wa siku moja tu baada ya kuambukizwa tena, kwa kuwa kinga yake ilikwisha kumtambua adui.

HESABU YA SIKU

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayekwenda likizo kwao Magu. Tarehe 20 Desemba analala kitanda kimoja na wadogo zake wawili, mmoja wao akiwa na upele. Anaporudi shuleni mwanzo wa Januari hana dalili hata moja. Kwa kuwa mwasho wa kwanza huchukua majuma 4 hadi 6, ataanza kujikuna kati ya tarehe 17 na 31 Januari. Lakini wadudu wake walikuwa wakizaana muda wote huo, na kama kitandani mwake amelala mwenziwe, huyo naye ataanza kujikuna Februari au Machi.

Mkuu wa shule akitazama atasema kwamba ugonjwa umezuka bwenini. Magodoro yatachomwa, kuta zitanyunyiziwa dawa, na watatu wanaojikuna watapewa dawa ya kupaka. Majuma machache baadaye mwasho utarudi. Dawa haikushindwa. Walioachwa bila kutibiwa ni wale ambao walikuwa na wadudu lakini walikuwa hawajaanza kuwashwa.

Hesabu hiyohiyo huenda makambini. Mvuvi wa dagaa huhama kambi hata kambi, na anapoanza kujikuna huilaumu kambi aliyopo, kumbe ameutoa upele kule alikotoka mwezi uliopita.

HATARI ILIYOFICHIKA

Upele wenyewe hauui, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Lakini ngozi iliyochubuliwa na kucha ni mlango ulio wazi kwa bakteria, hasa streptokoki na stafilokoki. Vidonda vyenye usaha hufuata. Katika watoto wengine, majuma machache baada ya vidonda vya streptokoki, mafigo huvimba. Mtoto aliyevimba uso asubuhi, au anayekojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Watu wenye kinga dhaifu nao huweza kupata upele wa magamba mazito, ambao una maelfu ya wadudu badala ya makumi, na huambukiza kwa urahisi mno, hata kwa shuka na nguo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wakati wowote zaidi ya watu milioni 200 duniani wana upele, na mwaka 2017 liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Hapa Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilifunguliwa Moshi mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, nacho hufundisha watumishi wa afya wanaohudumia wilaya mbalimbali. Kwa wakazi wa Mwanza, upele wa kawaida hutibika zahanati. Ugonjwa usiosikia dawa hupelekwa mbele hadi hospitali ya Bugando.

NYUMBA NZIMA, USIKU MMOJA

Dawa ni nyingi, na zote ni za zamani kuliko watu wanavyodhani. Lugha yenyewe inashuhudia: salfa kwa Kiswahili iliitwa kibiriti upele, kwa kuwa ndiyo iliyopakwa kutibu ugonjwa huu. Mafuta ya salfa ya asilimia 5 hadi 10 hupakwa kwa siku kadhaa mfululizo, nayo hufaa hata kwa watoto wachanga na mama wajawazito. Benzili benzoeti ya asilimia 25, ambayo watumishi wengi wa afya huiita BBE, ina nguvu lakini huchoma ngozi, na kwa watoto huzimuliwa. Permetrini ya asilimia 5 hupakwa jioni na kuoshwa asubuhi, kisha hurudiwa baada ya juma moja. Ivermektini hunywewa kwa kufuata uzito wa mtu. Haipewi watoto walio chini ya kilo 15 wala wajawazito. Kwa kuwa haiui mayai, hurudiwa baada ya siku 7 hadi 14. Kipimo cha dawa yoyote kati ya hizi kipangwe na mtumishi wa afya.

Dawa ya kupaka hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, si pale panapowasha tu. Pasisahauliwe katikati ya vidole, chini ya kucha zilizokatwa fupi, kitovuni na sehemu za siri. Kwa watoto wachanga hupakwa pia kichwani na usoni, macho na mdomo vikiepukwa. Mtu akinawa mikono usiku, aipake tena.

Kanuni inayoshinda zote ni kwamba watu wote wa nyumba wapake usiku mmoja, anayewashwa na asiyewashwa. Kwa familia za wavuvi wa dagaa upo wakati unaofaa: uvuvi wa taa hufanyika siku za giza, na mbalamwezi inapokuwa kali wavuvi wengi hupumzika. Hapo ndipo baba, mama na watoto hukutana nyumbani, na dawa huweza kuwafikia wote kwa pamoja.

Faida ya kuwatibu wote imepimwa. Katika visiwa vya Fiji, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha jamii tatu. Katika ile ambayo wagonjwa na waliowagusa tu ndio waliotibiwa, upele ulishuka kutoka asilimia 37 hivi hadi 19 kwa mwaka mmoja. Katika ile ambayo watu wote walipewa ivermektini, ulishuka kutoka asilimia 32 hadi 2. Zanzibar nako, ambako kuanzia mwaka 2001 watu wote waligawiwa ivermektini pamoja na albendazoli ili kupambana na matende, wagonjwa wa upele katika vituo vya afya walipungua sana, ingawa si upele uliokusudiwa.

Asubuhi yake nguo, shuka na taulo zilizotumika siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, au zifungwe katika mfuko wa nailoni kwa siku tatu au zaidi. Mdudu aliye nje ya ngozi kwa kawaida hufa katika siku mbili au tatu. Hakuna haja ya kuchoma godoro.

Mwasho hauishi usiku huohuo. Mabaki ya wadudu waliokufa huendelea kuuchokoza mwili kwa majuma 2 hadi 4. Asiyejua hili huzidi kupaka dawa kila siku, akaiunguza ngozi, halafu akadhani upele umezidi. Katika muda huo kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi, mafuta mepesi yasiyo na manukato, nguo za pamba na kucha fupi huleta nafuu. Mganga aweza kutoa kidonge cha kupunguza mwasho ili mgonjwa apate usingizi. Mwasho ukipita majuma manne, au handaki jipya likionekana, ni lazima kurudi zahanati.

Yako mambo mawili ya kuepuka kabisa. La kwanza ni kupaka mwilini dawa za kuulia wadudu wa pamba, au dawa ya kuogeshea ng'ombe. Sumu hizo hupenya ngozi, na zaweza kumwua mtoto. La pili ni kununua dukani marhamu ya steroidi bila ushauri. Hutuliza mwasho kwa siku chache, lakini humficha mdudu akaendelea kuzaana, na mba huzidi kuenea.

KAZI YA MWALIMU

Katika darasa la elimuviumbe mwanafunzi aweza kuchora mzunguko wa maisha ya mdudu huyu na kuuweka sambamba na kalenda ya shule. Kioo cha kukuzia na tone la wino vyatosha kuonyesha handaki: wino hupakwa juu ya kipele kinachoshukiwa, kisha hufutwa kwa kitambaa chenye maji au spiriti, uliozama hubaki kama mstari mwembamba uliopindapinda. Uchunguzi huu ufanywe faraghani na mtumishi wa afya, kwa ridhaa ya mwanafunzi, wala si mbele ya darasa. Upele si alama ya uchafu. Huwapata wanaooga kila siku, kwa kuwa sabuni na maji havifiki ndani ya handaki. Kinachoukaribisha ni vitanda vichache na watu wengi.

Mwanafunzi anayeaibishwa huficha mikono yake mifukoni, na anayeficha huendelea kuambukiza. Anayeulizwa kwa upole kuhusu nani mwingine anayejikuna, bwenini na nyumbani, humpa mwalimu orodha ya watu wanaohitaji dawa. Orodha hiyo ikikamilika, na wote wakapaka jioni moja, bweni lote litapata usingizi.